Jina la Bibi: Hatua Tisa za Kuandika Riwaya ya Udukuzi kwa Vijana wa Pwani

"Haijasoma, bibi. Weka tena."

Kijana wa kusajili laini amekaa chini ya mwavuli karibu na stendi ya Bagamoyo, kimashine cha alama za vidole kiko mkononi. Mbele yake amesimama bibi wa miaka sabini na kitu, aliyesuka ukili na kukuna nazi maisha yake yote mpaka dole gumba limekuwa laini kama kokoto ya ufukweni. Bibi anafuta kidole kwenye kanga, anabonyeza mara ya pili. "Tayari, bibi," anasema kijana, anamkabidhi laini moja. Bibi anashukuru na kwenda zake sokoni kutafuta dagaa.

Lakini kidole kilisoma tangu mara ya kwanza. Kwa alama ile imesajiliwa laini nyingine, kwa jina la bibi, na kabla jua halijatua imeshauzwa kwa mtu asiyetaka jina lake lijulikane.

Utapeli wa namna hii umetokea kweli nchini Tanzania, na ndani yake kuna riwaya nzima ya kusisimua. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuiandika: mwalimu wa Kiswahili, mwanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, anayejaribu kalamu, kijana wa kidato cha nne mwenye daftari lililobaki kurasa. Vijana wetu wanajifunza udukuzi kwenye filamu za ng'ambo, zenye chumba cha giza na herufi za kijani zinazoteremka kwenye kioo. Wanatoka hapo wakiamini kwamba hatari iko mbali. Kitabu kitakachomwonyesha binti wa Dunda au wa Mlingotini kwamba hatari imepita kwenye kidole cha bibi yake kitamlinda kuliko mabango kumi ya tahadhari. Ndiyo sababu nataka kiandikwe, na kiandikwe vizuri.

Kabla ya kuanza, andaa haya

- Daftari moja la kuandika unayoyaona na unayoyasikia. Usitegemee kumbukumbu.
- Wiki mbili za kusikiliza bila kuandika hata sura moja.
- Watu watatu wa kuwauliza: wakala wa fedha za simu, fundi simu, na mtu mzima aliyewahi kutapeliwa ambaye yuko tayari kusimulia.
- Simu yako mwenyewe, ikiwa na salio kidogo.

Hatua ya 1: Anza na kidole, kompyuta itafuata

Piga *106#. Menyu hiyo itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa. Mwombe mama, baba au bibi afanye hivyo mbele yako, kisha mtazame usoni wakati orodha inatokea. Ukiona uso umebadilika, umepata sura ya kwanza.

Jua namba hizo zimefikaje hapo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa upya zilianza kufungwa. Nia ilikuwa kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Tapeli akaona mwanya wake: kama kila laini lazima iwe na jina, basi yeye ataazima la mtu mwingine. Mzee ambaye vidole vyake vimesagika kwa kazi ndiye rahisi kumwambia "haijasoma", kwa sababu mara nyingi huwa kweli haisomi.

Zingatia jambo la pili, ambalo mwandishi wa mbali hawezi kulijua. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo laini anayotumia kijana wa miaka 15 au 16 kwa kawaida imesajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi. Kila atakachofanya kijana huyo mtandaoni, kizuri au kibaya, kitaandikwa kwa jina la mtu anayempikia chakula. Hilo ndilo fundo la riwaya yako. Liandike kwenye karatasi, libandike ukutani mahali unapoandikia.

Hatua ya 2: Ijue nyumba unayoingia

Riwaya ya kusisimua ya Kiswahili ina wazee wake, na adabu ni kubisha hodi. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuata mwaka 1965 na *Simu ya Kifo*. Soma tena jina hilo. Miongo kadhaa kabla ya simu za mkononi, riwaya ya upelelezi ya Tanzania Bara ilikwishaiona simu kuwa chombo cha kuletea mauti. Kisha akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake katika *Kufa na Kupona* (1974), na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake.

Jifunze kwao mambo mawili. La kwanza ni mwendo: sura fupi, kitendo mapema, kila ukurasa unauliza swali. La pili ni ujasiri wa kutaja mitaa na hoteli zetu kwa majina.

Kisha achana nao kwenye jambo moja. Mashujaa wao ni wanaume wazima, wenye pesa ya hoteli na aghalabu bastola. Shujaa wako ana sare ya shule, hana nauli, na akitaka kutoka baada ya magharibi lazima aombe ruhusa. Usimwondolee vikwazo hivyo, kwa kuwa kumkimbia muuaji ni kazi moja, na kumkimbia muuaji huku umemwambia bibi unakwenda kuazima kitabu ni mbili.

Hatua ya 3: Mpe mhusika kipaji kilichomponza

Tuseme anaitwa Mwanaidi. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anaishi na bibi yake. Amejifunza kuandika programu kwenye kompyuta kuukuu ya fundi simu, akilipia kwa kufagia kibanda. Mtu aliyemjua mtandaoni, anayejiita "kaka", anamwomba programu ndogo ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mpigo, ambapo kila ujumbe unaanza na jina la anayeupokea. Ni ya mialiko ya harusi, anasema. Anamlipa shilingi 50,000. Mwanaidi ananunua mchele, mafuta na dawa ya presha ya bibi. Miezi mitatu baadaye jirani anapokea ujumbe: "Ile hela tuma kwa namba hii." Unaanza na jina lake.

Usidhani hili limetiwa chumvi. Marcus Hutchins alikulia Ilfracombe, mji mdogo wa pwani huko Uingereza, unaoishi kwa bahari na wageni kama Bagamoyo. Akiwa kijana mdogo aliandika programu za siri kwa ajili ya mteja wa mtandaoni ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipotaka kujitoa, mteja yule alikwishakuwa na jina lake na anwani ya nyumbani, na akavitumia kumtisha. Programu mojawapo, Kronos, ilikuwa ya kuiba siri za benki. Tarehe 12 Mei 2017, akiwa na miaka 22 na amekwishaacha mambo hayo, ndiye aliyekizima kirusi cha WannaCry kilichokuwa kimefunga kompyuta za hospitali za nchi yake: aliona anwani ya mtandao iliyofichwa ndani ya kirusi, akaisajili, na kirusi kikakoma kusambaa. Miezi mitatu baadaye akakamatwa Marekani kwa ajili ya Kronos. Shujaa na mkosaji walikuwa mwili mmoja.

Panga anguko la mhusika wako kwa ngazi tatu: kwanza sifa, kisha deni, mwisho woga. Sifa ni pale mtu wa mbali anapomwambia "una akili sana, dogo" kabla mwalimu wake hajamwambia hivyo. Deni ni ile 50,000. Woga ni ujumbe wenye jina la bibi, mtaa wao na rangi ya mlango.

Hatua ya 4: Chagua mashine moja ya hatari, uielewe hadi kwenye mifupa

Kosa la waandishi wengi ni kurundika: ndege zisizo na rubani, roboti, setilaiti, vyote katika sura tatu. Chagua teknolojia moja. Jipime kwa kuieleza katika sentensi tatu ambazo wakala wa fedha atazielewa. Ukishindwa, bado hujaielewa.

Hizi hapa nne zinazofaa pwani yetu:

- Laini ya kuazima jina. Ndiyo ya bibi. Haina gharama, na inajulikana kila mtaa.
- Laini iliyorudishwa na mwizi. Anajifanya wewe na kudai laini imepotea, anapewa mpya yenye namba yako. Simu yako inapoteza mtandao ghafla, na ukimya huo wa simu ndio kengele ya hatari.
- Kamera zilizoachwa na nywila ya kiwandani. Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitengeneza Mirai, programu iliyoteka kamera na vifaa vya intaneti kwa kujaribu nywila chache za kiwandani. Chimbuko lake lilikuwa ugomvi wa biashara ya mchezo wa Minecraft. Fikiria nyumba za wageni zilizojipanga kwenye barabara ya ufukweni, kila moja na kamera yake mlangoni.
- Sauti ya kughushi. Akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia kipande kifupi tu cha maneno yake. Bibi anapigiwa na "mwanawe" aliyeko Muscat, kwa sauti ileile, akiitwa "mama" kwa lafudhi ileile, anaombwa atume pesa haraka.

Mimi ningeanza na ya kwanza, nikapanda hadi ya nne katikati ya kitabu. Bibi ameshafunzwa kutoamini ujumbe wa maandishi. Nani atamfunza kutoamini sauti ya mwanawe wa kumzaa?

Hapa pana sharti la maadili: onyesha mlango, usitoe ufunguo. Eleza utapeli kiasi cha msomaji kuutambua ukimjia, kisha ruka hatua moja ya lazima ili asiyeutaka wema asiweze kuunakili. Upande wa kujilinda, eleza kila kitu. Kwenye riwaya yako, *106# iandikwe kikamilifu, namba kwa namba.

Hatua ya 5: Chora Bagamoyo ya wenyewe

Weka pembeni Bagamoyo ya vipeperushi vya utalii. Magofu ya Kaole, Caravan Serai, misheni ya mwaka 1868 na boma la Wajerumani vyote vipo, na vinaweza kuingia, ila viingie kama vinavyoingia katika maisha ya mtoto wa pale: njia ya mkato, kivuli cha mchana, mahali pa kujificha mwalimu asikuone.

Chora ramani yako kwa mkono na uweke vituo hivi:

- Soko la samaki, mashua zinapotua na mnada unapopigwa. Pesa hapa inatembea haraka, sehemu yake kwa simu. Tapeli anapapenda.
- Kibanda cha wakala. Kaa saa moja kando yake. Utaona daftari la miamala lenye kava lililojikunja, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiondoke na mteja, simu tatu zilizopangwa juu ya kitambaa. Utasikia pia jambo la kukuchoma moyo: mzee anamtajia wakala namba yake ya siri kwa sauti, kwa sababu haoni vizuri na anamwamini.
- Mikoko ya Kaole na Mbegani, kusini ya mji, na mashamba ya chumvi upande wa kaskazini.
- Barabara mbili za kutorokea: ya kusini kupitia Kerege, Mapinga, Bunju hadi Tegeta, na ya kwenda Msata inayovuka mto Ruvu.

Kisha tumia saa ambayo hakuna mji wa bara ulio nayo: maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani hii hupita mita 3. Mhusika aliyefukia kifurushi kwenye matope ya mikoko hana haja ya bomu lenye saa nyekundu. Msomaji wa pwani akisoma kwamba maji yameanza kurudi, atajua dakika zilizobaki kuliko mwandishi.

Na kama unataka kina cha kihistoria, kipo chini ya maji hayohayo. Mwaka 1890 waya wa telegrafu ulilazwa baharini kuunganisha Zanzibar, Bagamoyo na Dar es Salaam, ukabeba habari za dola la kikoloni. Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa Seacom ulifika Dar es Salaam, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Bagamoyo imejua muda mrefu kwamba maneno yanaweza kupita chini ya ngalawa bila mvuvi kuyaona.

Hatua ya 6: Panga mtego, sura kwa sura

Sura 20 zenye maneno kama 2,000 kila moja zinatosha. Zigawe hivi:

1. Sura 1 hadi 5. Kidole, laini, ujumbe. Jirani mvuvi anapoteza pesa za injini alizodunduliza miaka miwili. Polisi wanaifuata namba, na namba inawafikisha kwenye mlango wa bibi.
2. Sura 6 hadi 10. Mwanaidi anachunguza, anagundua kwamba ujumbe ule umepita kwenye programu yake mwenyewe. Hawezi kumsafisha bibi bila kujichafua.
3. Sura 11 hadi 15. Anajaribu kuirudisha pesa kwa udukuzi, na mambo yanaharibika zaidi. "Kaka" anampigia kwa sauti ya bibi.
4. Sura 16 hadi 20. Anamwambia mtu mzima ukweli. Mtego unawekwa na watu wengi: wakala, fundi, mvuvi, bibi.

Kwa kilele ninapendekeza tukio la kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi kwa kukosa intaneti. Weka kilele chako siku kama hiyo. Tapeli mwenye kompyuta za gharama amekaa gizani. Lakini menyu ya nyota na reli haihitaji bando. Kiswaswadu cha bibi, chenye vitufe vilivyofutika namba, kinafanya kazi kuliko mitambo yake yote. Msomaji atafurahi, na furaha hiyo itakuwa ya haki kwa sababu umeiandaa tangu sura ya kwanza.

Hatua ya 7: Andika kwa sauti za watu wako

Hofu ya kweli inasikika zaidi ikiwa imefungwa ndani ya adabu. Mtoto wa pwani hamkaripii bibi, hata akiwa anatetemeka. Jaribu hivi:

Mwanaidi alibonyeza nyota, moja, sifuri, sita, reli.

"Bibi, jina lako lina laini ngapi?"

"Mbili. Yangu na hiyo niliyokuchukulia wewe. Kwa nini?"

"Basi tu, bibi."

"Mwanaidi."

"Abee."

"Ukisema basi tu, huwa kuna jambo."

Aligeuza simu ili mwanga usimfikie bibi machoni. Kwenye kioo kulikuwa na namba nne.

Hakuna aliyepiga kelele, hakuna mlango uliovunjwa, na bado moyo umeshuka. Fanya mazoezi ya namna hiyo mpaka uweze kutisha kwa "abee".

Kwa istilahi, tumia maneno yanayotumika kibandani: laini, salio, muamala, namba ya siri, kutoa, kuweka, vocha, bando, tapeli. *Mdukuzi* na *kudukua* yaache kwa mwalimu, polisi na magazeti. Vijana kwa vijana wataitana "mwana" na "dogo", lakini akipita mzee wote wanarudi kwenye shikamoo. Tapeli wako naye ajue Kiswahili kizuri, awe na heshima, aombe radhi kwa usumbufu. Aliyempigia shangazi yangu alimwamkia vizuri kuliko sisi wanawe, na shangazi alisikitikia adabu ile kuliko shilingi alizopoteza.

Angalizo moja: ripoti za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kwa idadi kubwa ya majaribio ya utapeli wa simu, na Wakenya nao wana mji wa Mulot unaosemwa hivyohivyo. Usilichukue hilo ukamchora mwizi kwa mkoa wake. Msomaji wako mmoja anatoka huko.

Hatua ya 8: Weka gharama mezani

Riwaya ya vijana inayomwacha mdukuzi aondoke akishangiliwa inawadanganya wasomaji wake. Ile inayomponda tu nayo inawafungia mlango wa kurudi. Ijue sheria kwanza.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Kifungu chake cha 4 kinaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kutegemea ipi kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote pamoja. Nia njema ya Mwanaidi ya kurudisha pesa haibadilishi kwamba aliingia mahali pasipo pake. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na ipo Mahakama ya Watoto. Na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayompa bibi haki ya kuuliza: nani alichukua alama yangu, na kwa idhini gani?

Tafuta mwisho wenye malipo na wenye mlango. Vijana watatu wa Mirai walikiri kosa, wakasaidia wapelelezi, na mwaka 2018 wakahukumiwa uangalizi wa miaka mitano na saa 2,500 za kazi za jamii. Hutchins naye alikiri, na mwaka 2019 hakimu akaona muda aliokwishakaa chini ya ulinzi unatosha. Yule kijana wa Montreal aliyejiita Mafiaboy, aliyeangusha tovuti za Yahoo na CNN mwaka 2000 akiwa na miaka 15, alipewa miezi minane katika kituo cha vijana. Alijiponza kwa kujigamba mtandaoni, kosa ambalo kijana yeyote wa miaka 15 anaweza kulifanya.

Ndani ya hadithi, weka pia njia halisi za msaada: kuripoti namba ya tapeli kupitia 15040, kupiga huduma kwa wateja wa mtandao husika mara moja ili muamala uzuiwe, kwenda polisi ukiwa na ujumbe ambao hujaufuta. Yasemwe na wahusika wakiwa katika shida, yasikae kama tangazo la redio.

Hatua ya 9: Isome kwa watu kabla ya kuipeleka kwa wachapishaji

Mpelekee wakala sura zinazohusu pesa. Atakuonyesha makosa ambayo mhariri hawezi kuyaona. Mpelekee mwanasheria sura za polisi. Wasomee vijana watano sura ya kwanza kwa sauti, jioni, umeme ukiwa umekatika ikiwezekana. Yule atakayeuliza "halafu?" mwandikie jina. Pale watakapoanza kuchezea simu zao, weka alama pembeni ya ukurasa na ukaandike upya.

Mswada ukikamilika, una pa kuupeleka. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Zote zinapokea kazi za Kiswahili. Usisubiri tuzo, lakini tarehe yake ya mwisho inaweza kukusaidia kumaliza.

Jikague kabla ya kuandika "mwisho"

- Je, hatari imeingia kupitia mtu anayependwa?
- Je, teknolojia yako inaelezeka kwa sentensi tatu?
- Je, umeruka ile hatua moja ya lazima katika utapeli, na kueleza kinga yote?
- Je, maji, barabara na vibanda viko mahali pake?
- Je, shujaa wako ametenda kosa la kweli, na amelilipia?

Swali la mwisho ni hili: je, bibi amebadilika? Riwaya nyingi za namna hii humsahau akishaokolewa, na kitabu chako kikifanya hivyo kitakuwa kimemwibia mara ya pili. Mpe ukurasa wa mwisho. Mrudishe stendi, chini ya mwavuli uleule, kwenye kimashine kilekile, na Mwanaidi asimame hatua tatu nyuma bila kusema neno. Kijana atabonyeza, atatazama kioo, atasema kama alivyosema mwanzo: haijasoma, bibi, weka tena.

Bibi hatafuta kidole kwenye kanga. Atakikunja kiganjani, amtazame yule kijana taratibu kama anavyomtazama mvuvi anayemtajia bei.

"Na ile ya kwanza, mwanangu, imekwenda wapi?"